Walifukuzwa Blascaod Mór, au waliondoka wenyewe?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mvuvi hapa Kilwa Masoko. Kwenye simu yangu limepita tangazo la kazi: kisiwa kimoja cha Ayalandi kinatafuta watu wawili wa kukaa huko kuanzia Aprili hadi Oktoba, wapokee wageni na kuuza kahawa. Umeme wa gridi hakuna. Pichani nikaona kijiji kizima cha magofu ya mawe. Naomba unieleze, wenyewe walikwenda wapi? Serikali iliwafukuza? Na kama haikuwafukuza, mbona hawarudi kwao?"

Marahaba, kijana wangu. Kisiwa ulichokiona kinaitwa An Blascaod Mór, yaani Blascaod Kubwa, na kiko pwani ya Kerry, kusini magharibi mwa Ayalandi. Nimekitumia miaka mingi katika kufundisha fasihi simulizi, maana kina hazina kubwa ya masimulizi, lakini sikumbuki kuulizwa habari zake na mtu anayejua kuvuta kasia. Nimefurahi, kwa sababu jibu la swali lako limo ndani ya mashua.

Kwanza jibu la moja kwa moja: hawakufukuzwa. Waliiomba serikali msaada mwaka 1947, wakasubiri miaka 6, na tarehe 17 Novemba 1953 ndipo kazi ya kuwahamisha ilipoanza. Walikuwa wamebaki watu 22. Ila ukiambiwa hivyo tu ukaachiwa hapo, utadhani watu wale waliamka siku moja wakakichoka kisiwa chao. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Kisiwa kina urefu wa takriban kilomita 6, chembamba, kimeinuka kama mgongo wa ng'ombe hadi mita 292. Hakina miti. Kutoka ncha ya bara hadi hapo ni kama kilomita 2 tu, na siku ya shwari unaweza kutazama ng'ambo ukaona nyumba za kijiji cha Dún Chaoin. Umbali huo mdogo ndio unaowadanganya watu. Mlango ule wa bahari una mikondo mikali na miamba iliyofichama, na bahari ya Atlantiki inaupiga bila kizuizi chochote kutoka Marekani. Septemba 1588 meli kubwa ya kivita ya Wahispania, Santa Maria de la Rosa, ilizama humo humo. Wavuvi wa kisiwa walipita mahali hapo kwa mashua ya fito na turubai.

Mashua yenyewe waliiita naomhóg, matamshi yake yanakaribia "nevog". Nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa wewe utaielewa kuliko wanafunzi wangu. Mataruma yake ni vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa, juu yake zimepigwa fito, kisha likavutwa turubai na kupakwa lami nyeusi. Haina mkuku. Ni nyepesi kiasi kwamba baada ya kuvua, wanaume watatu au wanne waliipindua, wakaingia chini yake, wakaipandisha mlimani mabegani. Ukiwa mbali uliona kitu cheusi kama mdudu mkubwa kinapanda njia kwa miguu minane. Bapa la kasia lao ni jembamba, karibu sawa na mpini, upepo usipate pa kulishika. Na pale ambapo wewe unafunga kasia kwa kishwara, wao waligongomea kibao ubavuni mwa kasia, wakakitoboa tundu, tundu likavaa kijiti kilichosimama ukingoni mwa mashua. Mtu akitaka kuvuta wavu au kunyanyua dema aliliacha kasia palepale, wala halikuteleza majini.

Naomhóg huvutwa na watu watatu au wanne wenye nguvu. Hesabu hiyo uiweke akilini, tutairudia.

Mwanzoni kabisa mambo ya kisiwa yalikuwa mikononi mwa ukoo wa Feiritéar, uliokuwa na ngome ndogo hapo. Mmoja wao, Piaras, alikuwa mshairi na jemadari. Waingereza walimnyonga mwaka 1653. Baadaye ardhi ikawa ya kabaila, Lodi wa Cork, na wakulima wavuvi wakawa wapangaji wanaodaiwa kodi ya mawe na upepo. Enzi hizo walivua kwa juya, kwa mashua nzito zilizotaka watu wanane. Naomhóg ilipofika katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa ukombozi, maana familia moja na jirani zake waliweza kuimiliki na kuisukuma majini bila kungoja kijiji kizima.

Mwaka 1841 walihesabiwa watu 153. Kisha ikaja njaa kuu ya viazi, na mwaka 1851 wakawa 97. Bara watu walikufa kwa maelfu. Kisiwani bahari iliwasitiri kidogo. Walikula samaki, konokono wa miambani, sungura, mayai ya ndege wa baharini waliyoyafuata kwenye majabali kwa kamba, na nyama ya sili. Viazi na shayiri walilima katika kipande kidogo kinachotazama bara, wakikirutubisha kwa mwani. Kwa moto walikata udongo mweusi wa mlimani, ule wa majani yaliyooza miaka maelfu, wakauanika kama matofali na kuuchoma badala ya kuni.

Nyumba ulizoziona pichani zimejengwa kichwa kikiwa kimeingia mlimani ili dhoruba isizikamate kwa ubavu. Chumba cha moto kilikuwa sebule, jiko na mara nyingi zizi la ng'ombe mmoja usiku wa baridi. Paa la zamani lilikuwa la nyasi, na kuku walipanda wakataga ndani yake. Watoto walipanda kuwatafutia mayai. Nyumba chache zilizo juu, zile zenye ukuta ulionyooka zaidi, ni za mpya mpya: mwaka 1907 taasisi ya serikali iliyoshughulikia wilaya maskini ilikinunua kisiwa kutoka kwa kabaila, ikagawa mashamba upya na kujenga nyumba hizo. Kwa mara ya kwanza mtu aliijua mipaka ya shamba lake.

Shule ilifunguliwa mwaka 1864. Kanisa halikuwepo, padri hakuwepo, daktari hakuwepo, duka halikuwepo. Misa ilikuwa bara. Daktari alikuwa mji wa Dingle, kilomita 16 au zaidi baada ya kutua Dún Chaoin. Barua zilivushwa na mtu mmoja waliyemwita Mfalme, Pádraig Ó Catháin. Ufalme wake haukuwa na jeshi wala kodi. Alikuwa mtu wa busara aliyepeleka barua, akaleta magazeti, akayasoma kwa sauti, na akawapa wageni chumba. Alifariki mwaka 1929 na hakurithiwa.

Idadi ya watu ilifikia kilele mwaka 1916, watu 176. Miaka ile ya Vita Kuu ya Kwanza bahari iliwatupia mali. Meli ya Quebra iligonga miamba ya kisiwa mwaka huo huo, na shehena yake ikawa neema kwa kila nyumba. Vibua vya chumvi viliuzwa hadi Marekani, kambakoche walinunuliwa na meli za Wafaransa zilizokuja zenyewe. Ungekuwa pale mwaka 1916, usingeamini kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka huo angekishuhudia kisiwa kikiwa kitupu kabla hajafika miaka 40.

Hapa niruhusu nipumzike kidogo kwenye jambo lililonifanya nikipende kisiwa hiki. Wasomi wa lugha walianza kuja kwa sababu Kiayalandi, lugha iliyokuwa ikimezwa na Kiingereza nchini kote, kilikuwa bado kinazungumzwa hapo bila kuchanganywa. Mwaka 1907 alikuja Carl Marstrander kutoka Norwei. Mwaka 1910 akaja Robin Flower wa makumbusho ya Uingereza. Wanakisiwa wakampa jina la Bláithín, yaani Ua Dogo. Mwalimu waliyemtaka wote wawili alikuwa mvuvi, Tomás Ó Criomhthain.

Tomás alikuwa amesoma shule ya kisiwani, lakini shule ile ilifundisha Kiingereza. Lugha ya mama yake alijifunza kuisoma akiwa mtu wa makamo, siku alizokwama Dún Chaoin kwa ajili ya bahari, kwa kutumia vitabu vya watoto wa nyumba aliyofikia. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa maumivu ya jambo hilo. Mwaka 1917 akafika Brian Ó Ceallaigh, kijana kutoka Killarney, akamsomea masimulizi ya maisha ya watu wa kawaida, yakiwemo ya Mrusi Gorky, ili aone kwamba maisha ya mvuvi yanastahili kuandikwa. Tomás akaanza. Aliandika usiku, baada ya kazi, karatasi baada ya karatasi, na kuzipeleka kwa barua. Kitabu chake kikuu, An tOileánach, yaani Mwanakisiwa, kilitoka mwaka 1929.

Mtu huyu alizaa watoto 10 na akazika wengi wao. Mwanawe Domhnall alikufa Agosti 1909 pale kwenye ufuko mweupe, akijaribu kumwokoa Eibhlín Nic Niocaill, binti msomi wa Dublin aliyekuja kujifunza lugha. Wote wawili walizama. Tomás anayaeleza mambo haya kwa sentensi fupi, bila kulia mbele ya msomaji, na mimi kila ninapofika hapo hufunga kitabu kwa muda.

Baada yake Muiris Ó Súilleabháin, aliyezaliwa mwaka 1904, alichapisha kumbukumbu za ujana wake mwaka 1933. Peig Sayers, aliyetoka bara akaolewa kisiwani, alikuwa msimuliaji wa kiwango ambacho sisi tungemlinganisha na bibi anayekesha na wajukuu hadi jogoo anawika. Hakuandika kwa mkono wake. Alimwambia mwanawe akaandika, na kitabu kikatoka mwaka 1936. Wakusanyaji wa masimulizi walichukua kwake hadithi kwa mamia. Kijiji kisichofikisha watu 200, chenye gati moja, kikatoa waandishi watatu wanaosomwa hadi leo.

Sasa turudi kwenye makasia.

Miaka ya 1920 soko la vibua vya chumvi liliporomoka. Vijana walikuwa wakienda Marekani tangu zamani, hasa Springfield katika jimbo la Massachusetts. Dada mmoja akifika, akipata kazi za nyumbani, alituma nauli ya mdogo wake, na huyo akatuma ya anayemfuata. Usiku wa kuamkia safari watu walikesha nyumbani kwa anayeondoka, wakaimba, wakacheza, wazee wakalia kama wako matangani, kwa kuwa walijua hawataonana tena. Wasichana ndio waliopungua upesi zaidi. Msichana wa bara hakutaka kuolewa mahali pasipo duka wala mkunga, na wa kisiwani alikwishaona picha za dada yake akiwa na kofia na viatu vya mjini. Wanaume wakabaki makapera. Bila harusi hakuna watoto, na shule ilifungwa mwaka 1941 kwa kukosa wanafunzi. Mwaka uliofuata mwana wa Tomás, Seán, na mkewe Eibhlís wakahamia bara, kwa kuwa walikuwa na binti mdogo na walitaka asome. Peig naye akaondoka mwaka huo huo wa 1942.

Kila familia iliyoondoka iliondoka na mikono. Wewe unajua chombo hakisafiri kwa mapenzi ya mwenyewe. Wazee sita hawawezi kuvuka mlango ule siku ya mawimbi hata kama wana mashua kumi. Ndiyo maana watu wa Blascaod walipokuwa 176 dhoruba ilikuwa usumbufu, na walipobaki 50 dhoruba ileile ikawa hatari ya kifo. Bahari haikubadilika.

Majira ya baridi ya mwaka 1946 kuamkia 1947 ndiyo yaliyovunja moyo. Kijana wa miaka 24, wa ukoo wa Ó Cearna, aliugua kichwa na homa wakati wa Krismasi. Simu ya redio iliyowekwa na serikali kwa ajili ya dharura ilikuwa imekufa. Bahari imefunga. Alifariki Januari bila daktari na bila padri, ugonjwa ukajulikana baadaye kuwa homa ya uti wa mgongo. Hata maziko hayakuwezekana kwa siku kadhaa. Kisiwani wanakisiwa hawakuwazika watu wazima wao. Pale palikuwa na mahali pa watoto wachanga waliokufa kabla ya ubatizo na pa maiti zilizotupwa na bahari. Marehemu alipaswa kuvushwa kwenda makaburini bara, na maiti nayo inahitaji wapiga makasia.

Aprili mwaka huo, baada ya majuma ya tufani, walimpelekea Waziri Mkuu Éamon de Valera telegramu: wamefungiwa na dhoruba, wako taabuni, hawana cha kula, waletewe chakula. Chakula kikaletwa, na miezi michache baadaye de Valera mwenyewe akafika kisiwani kuwasikiliza. Walimwambia wanataka kuhamishwa.

Hapa ndipo ninapoilaumu serikali, na silaumu kwa kuwahamisha. Naulaumu mwendo wake. Zilikuja kamati, zikaja tathmini, serikali ikabadilika, na miaka ikapita huku waliobaki wakizidi kuzeeka. Gati salama na boti nzuri ya injini miaka 20 kabla ya hapo pengine vingewabakiza vijana wachache. Hakuna anayeweza kuapa. Katika miaka hiyo ya kungoja kisiwa kilikuwa na mtoto mmoja tu. Magazeti yalimwandika kuwa mtoto mpweke kuliko wote duniani, na watu wa mbali wakamtumia barua na zawadi. Mwenyewe alipokuwa mtu mzima alisema hakujiona mpweke, kwa kuwa kila mzee wa kisiwani alikuwa rafiki yake.

Siku ya kuhama, 17 Novemba 1953, bahari ilichafuka kama kawaida yake. Boti ya uvuvi iliyokodiwa haikuweza kusogea gatini. Ilibidi watu na vyombo vichache viletwe kwa naomhóg hadi ubavuni mwake, na walioondoka siku hiyo walikuwa wachache. Wengine walifuata baadaye, wa mwisho mwaka 1954. Walipewa nyumba na vipande vya ardhi Dún Chaoin, ng'ambo tu, wakawa wanafungua mlango asubuhi na kukiona kisiwa. Kondoo waliwaacha mlimani na wakaendelea kuvuka majira ya kiangazi kuwakata manyoya.

Umeuliza kwa nini hawarudi. Wajukuu wao wengi ni Wamarekani wa Springfield, wengine wako Kerry. Ardhi nayo ilikuwa na kesi yake. Baadhi ya mashamba yaliuzwa kwa watu wa nje, na mwaka 1989 Bunge lilitunga sheria ya kukifanya kisiwa hifadhi ya historia, ikiruhusu serikali kutwaa ardhi ya wamiliki lakini ikiwaacha waliokuwa wakaazi kabla ya 17 Novemba 1953 pamoja na vizazi vyao. Wamiliki wengine wakaenda mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ikaibatilisha: huwezi kuwagawa raia kwa ukoo. Mimi naiheshimu hukumu hiyo, ingawa naona uchungu wa mtu ambaye babu yake alizaliwa pale akaambiwa damu haihesabiki. Baadaye serikali ikanunua sehemu kubwa ya kijiji kwa maelewano. Nyumba ya Tomás imekarabatiwa, na tangu mwaka 1993 Dún Chaoin kuna kituo kikubwa cha kuhifadhi historia ya kisiwa.

Kuhusu lile tangazo, ni la kweli, hutolewa karibu kila mwaka, na maombi humiminika kutoka duniani kote. Wanaochaguliwa huangalia nyumba chache za wageni. Huingia Aprili na kutoka Oktoba, kwa kuwa baada ya hapo boti za abiria hazivuki na ufuko mweupe hubaki kwa sili.

Ukijaliwa kufika, usikimbilie magofu kama watalii wanavyofanya. Simama kwanza pale gatini. Ni mwanya mwembamba kati ya miamba, mawimbi yanaingia na kutoka, na unatakiwa uhesabu mawimbi kabla ya kuingiza chombo. Litazame kwa jicho lako la uvuvi, kisha ujiulize wewe ungehitaji watu wangapi, wa umri gani, ili utoke hapo usiku wa Desemba ukiwa umembeba mgonjwa.